Volti bila ampia ni nusu ya habari

Mafundi umeme wengi wa hapa Mwanza, nikiwemo mimi, tulianza kazi na testa, ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani ya mpini. Unaigusisha kwenye waya. Ikiwaka, umeme upo, isipowaka, haupo. Mambo yakinyooka kidogo unanunua maltimita na kuanza kusoma volti: 230, 224, 198. Wengi huishia hapo. Siku hizi kijana akija kujifunza kazi kwangu, simruhusu kufungua soketi, kubadilisha breka wala kulaumu kifaa cha mtu kabla hajaniandikia namba mbili alizozipima kwa wakati mmoja, mzigo (kifaa kinachotumia umeme) ukiwa umewashwa: volti, yaani msukumo wa umeme, na ampia, yaani kiasi cha mkondo unaopita.

Ukiwa na hizo mbili, nyingine mbili unazipata kwa penseli tu. Gawanya volti kwa ampia, unapata ukinzani kwa omu, yaani jinsi mkondo unavyozuiwa. Zidisha volti kwa ampia, unapata nguvu kwa wati. Yamo kwenye fizikia ya sekondari, na aliyekaa darasani kidogo anaikumbuka pembetatu yenye V juu, I na R chini. Lakini tulifundishwa kama hesabu ya mtihani: umepewa volti 12 na ampia 2, tafuta ukinzani. Unaandika omu 6, unapewa alama, unafunga daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba ukinzani unaotafutwa unaweza kuwa umejificha ndani ya ukuta wa mtu, mahali ambapo hakuna fundi aliyeuweka kwa makusudi, na kwamba ndio huo unaokula hela na kuchoma nyumba.

Nilipokuja kusoma habari za Georg Ohm mwenyewe nilifurahi sana. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, na majaribio yake ya mwaka 1825 na 1826 yalihusu nyaya. Alichukua nyaya za urefu na unene tofauti, akazipitishia umeme, akatazama sindano ya sumaku inapinda kiasi gani. Mwaka 1827 akachapisha kanuni yake. Kumbe kanuni hii tangu kuzaliwa kwake ilikuwa inajibu swali la fundi: waya ukirefuka au ukiwa mwembamba, mkondo unapungua kiasi gani?

Swali hilo nililikuta Igombe. Mama mmoja anayeuza sato, nyumba yake ikiwa kando kidogo ya mwalo, aliniita kwa sababu ya friza. Ilikuwa inaunguruma, inatoa mlio wa "tik", inanyamaza, halafu baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Samaki walishaanza kulainika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi aliyepita amesema kompresa imekwisha, nitafute hela ya kompresa mpya. Amepima soketi, umeme amesema ni mzima."

Na kweli, nilipopima soketi bila kitu chochote kuwashwa nilikuta volti 224. Nikaenda kwenye mita ya LUKU, volti 224 vilevile. Kwa namba hizo, umeme ulikuwa mzima. Ila mita ilikuwa kwenye nyumba kubwa ya familia mbele, na chumba cha friza kilikuwa nyuma, upande wa pili wa uwanja. Waya ulikatiza kwenye miti ya fensi kama mita 80, na ulikuwa waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), ule tunaotumia kwenye taa.

Nikamwomba awashe birika la umeme, maana birika ni mzigo mtulivu: halina mota, halina ujanja. Nikaweka klampu, ile mita inayobana waya na kusoma ampia, kwenye waya mmoja wa laivu, yaani ule unaoleta umeme. (Klampu ukiizungushia laivu na nyutro (waya unaorudisha umeme) kwa pamoja inasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Nimeona watu wakiitupa klampu nzima kwa sababu hiyo.) Ikasoma ampia 7.9. Soketi ya chumbani ikashuka hadi volti 209, huku mita ikibaki kwenye 224.

Volti 15 zilikuwa zimepotea njiani. Gawanya 15 kwa 7.9, unapata omu 1.9, na huo ndio ukinzani wa waya wenyewe. Nikaulinganisha na jedwali: waya wa shaba wa 1.5 una kama omu 12.1 kwa kilomita, na kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi, mita 80 zinahesabika 160. Zidisha 160 kwa 0.0121, unapata 1.94. Jedwali na kipimo vimekubaliana, kwa hiyo nikajua pia kwamba hakuna maungio mabovu katikati. Ni waya tu, mwembamba na mrefu.

Birika nalo lina habari zake. Volti 209 gawa kwa ampia 7.9 ni omu 26.5, ukinzani wa koili. Chini ya birika pameandikwa wati 2000 kwa volti 230, lakini hapo lilikuwa linapata 209 mara 7.9, yaani wati 1651. Na zile volti 15 za njiani mara 7.9 ni kama wati 119 zilizokuwa zinapasha joto waya wa kwenye fensi, tena kwa uniti alizolipia yeye. Maandishi ya wati kwenye kifaa ni ahadi yenye sharti la volti. Volti zikishuka kwa sehemu moja ya kumi, wati za koili zinashuka karibu sehemu mbili za kumi, kwa sababu nguvu hufuata volti mara volti. Kwa lita 1.7 za maji tofauti hiyo ni kama dakika nzima ya kusubiri. (Na hapa kwetu maji huchemka karibu digrii 96, si 100, kwa kuwa ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.)

Sasa friza. Kompresa ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa sekunde moja hivi. Tuseme ampia 10. Ampia 10 kwenye omu 1.9 zinapoteza volti 19. Birika likiwa limewashwa, ampia zinakaribia 18, volti 34 zinaishia njiani na kompresa inajaribu kuamka ikiwa na volti 190. Inashindwa, inapata joto, kinga yake inakata: "tik". Kompresa ilikuwa nzima kabisa.

Tuliweka waya wa 6 mahali pa ule wa 1.5. Ukinzani wa njia nzima ukawa kama nusu omu, na birika lilipowashwa tena zilipotea kama volti 4. Friza ikawaka kwa jaribio la kwanza. Gharama ya waya haikuwa ndogo na mama aliguna, lakini hakununua kompresa, na ile mpya ingekufa vilevile kwa ugonjwa uleule.

Somo la Igombe ndilo nililolishika kuliko yote: volti zinazosomwa bila mzigo hazisemi chochote kuhusu waya. Mkondo ukiwa sifuri, ukinzani wowote mara sifuri ni sifuri, na waya mbovu kupita yote utakuonyesha volti kamili.

Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, niliitwa na mama lishe ambaye ekstensheni yake ilikuwa inanuka. Alikuwa anatumia jiko la umeme la sahani moja. Ekstensheni ilikuwa imekatika zamani, mtu akaiunga kwa kuzungusha nyaya na kufunga teipu. Teipu ilikuwa imegeuka ngumu na kung'aa, upande mmoja rangi ya kahawia. Plastiki ya waya karibu na maungio ilikuwa imevimba na kupasuka, na nyuzi za shaba ndani zimekuwa nyeusi, hazina tena ile rangi nyekundu. Alichokuwa anashangaa ni hiki: "Mbona ekstensheni hii hii nimetumia miaka kwenye televisheni na haijawahi kunuka?"

Jiko lilikuwa linavuta ampia 9. Nikiwa nimevaa glovu, niliweka ncha moja ya maltimita kwenye laivu kabla ya maungio, ncha nyingine kwenye laivu baada ya maungio. Ni waya uleule, kwa hiyo ungetegemea sifuri. Ikasoma volti 3.6. Kipimo hiki cha laivu kwa laivu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ni wachache wanaokifanya, kwa sababu watu wamezoea kwamba volti hupimwa kati ya laivu na nyutro. Volti husomwa kati ya nukta mbili zozote, na ukiiona ndani ya waya mmoja ujue hapo katikati pana ukinzani.

3.6 gawa kwa 9 ni omu 0.4. Ni kidogo mno. Ukiipima kwa maltimita ya kawaida kwa upande wa omu, waya za maltimita zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani wa kiasi hicho. Lakini 3.6 mara 9 ni wati 32. Solderi nyingi za mafundi wa redio, vile vyuma vya moto vya kuyeyushia risasi, ni za wati 30 hadi 40. Kwa hiyo ndani ya teipu ile, mahali padogo kuliko kidole gumba, palikuwa na joto la solderi nzima, kila siku, jiko likiwa limewashwa.

Na televisheni je? Ilikuwa inavuta kama nusu ampia. Nguvu inayoishia kwenye ukinzani ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 0.5 mara 0.5 mara 0.4, sehemu moja ya kumi ya wati. Hakuna kidole kinachoweza kuhisi joto hilo. Mkondo ulipopanda mara 18, joto halikupanda mara 18. Lilipanda mara 324. James Joule, Mwingereza aliyekuwa na kiwanda cha bia cha familia yao huko Salford, karibu na Manchester, ndiye aliyeonyesha jambo hili kwa vipimo miaka ya 1840: joto la waya hufuata mraba wa mkondo. Kila ninaposikia mtu akisema "soketi hii haina shida, tumeitumia miaka yote" nakumbuka mraba huo. Soketi haikujaribiwa na televisheni. Inajaribiwa siku inapopachikwa jiko, hita au pasi.

Mama lishe aliniuliza kwa nini basi jiko lake lilikuwa linawaka vizuri kama maungio ni mabovu kiasi hicho. Nilimjibu hivi: abiria wote wanaoshuka kwenye kivuko cha Kamanga wanapita geti moja. Geti likiwa bovu wanabanana pale na kutokwa jasho, lakini idadi inayofika stendi ni ileile iliyopita getini. Mkondo wa ampia 9 uliopita kwenye maungio ndio uleule uliofika kwenye jiko. Volti 3.6 kati ya 220 na ushee jiko halizioni. Hatari ilikuwa imekaa mahali ambapo kifaa hakilalamiki.

Hapo ndipo vijana huniuliza: kama tunatafuta ukinzani, kwa nini tusizime umeme tukapima omu moja kwa moja? Kwa koili ya birika au ya pasi sawa, inakubali, ukinzani wake ukiwa wa baridi au wa moto haupishani sana. Lakini chukua balbu ya zamani, ile ya waya mwembamba, wati 100 kwa volti 230. Ikiwaka inavuta ampia 0.43, kwa hiyo ukinzani wake ni kama omu 529. Ipime ikiwa mkononi, imepoa: utakuta omu thelathini na kitu, arobaini hivi. Ukipiga hesabu kwa omu 40 utasema ni balbu ya wati 1,300. Waya wake wa tungsteni ukipata joto la maelfu ya digrii, ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Taa za LED nazo hazina omu za kukuambia kitu; ndani mna saketi inayojipangia mkondo wake. Pima kifaa kikiwa kazini. (Na usithubutu kuweka maltimita kwenye omu wakati umeme upo. Ukiwa na bahati, itakayokufa ni mita.)

Kwa wavuvi wa dagaa kanuni ni ileile ila makali yake ni mengine. Zamani walitumia karabai. Sasa mitumbwi mingi inabeba betri na taa za LED. Nahodha mmoja alinijia wakati wa giza, mwezi haupo, ndio msimu wao wa kazi, akalalamika kwamba taa za mbele zinafifia. "Dada fundi, betri hii ni mpya, lakini naona wameniuzia iliyokufa." Kwenye betri nilikuta volti 12.4, kwenye taa 10.9, mkondo ampia 5. Tofauti ni volti 1.5, ukinzani omu 0.3. Betri haikuwa na kosa. Alikuwa ametumia waya mwembamba wa spika, mita 8 kwenda na 8 kurudi.

Angalia jambo hili. Waya uleule, mkondo uleule wa ampia 5, ungeuweka kwenye umeme wa nyumbani ungepoteza volti 1.5 kati ya 230 na hakuna mtu angejua. Kwenye volti 12 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa betri. Tena, taa za wati 60 kwenye volti 230 zingevuta robo ampia tu. Kwenye volti 12 zinavuta ampia 5, kwa kuwa wati zikiwa zilezile na volti zikipungua, lazima ampia ziongezeke. Watu huona betri kama kitu kidogo kinachostahili waya mdogo. Ni kinyume chake. Tukaweka waya wa 4, upotevu ukashuka hadi karibu volti 0.4, na nahodha akaacha kulaumu betri ya watu.

Kuna mahali ambapo kuzidisha volti kwa ampia hakutoshi, na lazima niseme kwa sababu nimeona watu wakidanganyika. Kwenye mota, friji, friza na pampu, mkondo hauendi sambamba na volti. Unachelewa nyuma kidogo. Kwa mfano friza inasoma volti 228 na ampia 1.3. Ukizidisha unapata 296, na unaweza kumwambia mteja inakula wati 296. Si kweli. Sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya kazi, na mita ya LUKU haihesabu sehemu hiyo. Uwiano wa wati za kweli na zile za kuzidisha ndio mafundi wanaouita pawa fakta. Bila kifaa cha bei kubwa, mita yenyewe inaweza kukuambia ukweli. Zima kila kitu isipokuwa friza, tazama kataa kekundu kanakopepesa. Mita nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake mpepeso mmoja ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Ikipepesa mara 3 kwa dakika, ni mara 180 kwa saa, basi friza inakula wati 180. Gawanya 180 kwa 296 unapata 0.61, ndiyo pawa fakta yake. Soma kwanza namba iliyoandikwa kwenye mita yako, maana hazifanani zote.

Kwa sababu hiyo hiyo, volti gawa kwa ampia kwenye mota haikupi omu za waya wa ndani. Wanaofunga mota upya wanalijua hili vizuri kuliko mimi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika jiji hili ni ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Mwanza tunaiita Jiji la Miamba na tunajivunia, lakini mwamba haupitishi umeme vizuri. Nyumba nyingi za kwenye vilima, Bugando, Mabatini, Igogo, zimekaa juu ya mawe yenyewe. Fimbo ya ethi inatakiwa iingie ardhini mita moja na zaidi. Unaigonga, inafika nusu mita, inagota. Nimekuta nyingi zimekatwa kwa msumeno na kufunikwa udongo. Kwa macho ethi ipo, waya wa kijani na njano upo, kila kitu kiko sawa.

Nyumba moja ya mlimani walilalamika mambo mawili. La kwanza, uniti zinaisha haraka bila sababu. La pili, kila kitu cha chuma kinapiga: friji, jiko, bomba la maji la nje. Breka hakuna hata moja iliyokata. Mzee wa nyumba alikuwa ameshawakataza wajukuu kugusa friji bila ndala.

Nilizima vifaa vyote nikaweka klampu kwenye waya wa ethi peke yake. Waya huo ukiwa salama unatakiwa usome karibu sifuri. Ulisoma ampia 3.6. Kisha nikachomeka bisibisi ndefu kwenye udongo wenye unyevu, mbali na fimbo ya ethi, nikapima volti kati ya bisibisi na waya wa ethi. Volti 216. Gawanya: omu 60. Huo ndio ukinzani kati ya fimbo yao na ardhi. Vifaa vya kitaalamu vya kupima ethi vinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: vinapeleka mkondo ardhini, vinasoma volti, vinagawanya.

Chanzo kilikuwa laivu ya taa ya geti, iliyochubuka na kugusa bomba la chuma lililounganishwa na ethi. Kwa nini breka haikukata? Ilikuwa ya ampia 10, na kwa ukinzani ule mkondo usingeweza kuzidi 4. Kwa breka hiyo, ampia 3.6 ni mzigo wa kawaida kabisa. Breka ya kawaida ya ampia 16, ya aina B, ili ikate papo hapo inahitaji kama ampia 80. 230 gawa kwa 80 ni omu 2.9. Sijui mwamba gani wa Mwanza utakupa omu 2.9 kwa fimbo moja.

Uniti je? Volti 228 mara ampia 3.6 ni wati 821. Kwa saa 24 ni karibu uniti 20, zilizokuwa zikimwagwa ardhini kila siku, usiku na mchana, watu wakiwa wamelala.

Na mtu je? Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa na miguu peku huweza kushuka hadi kama omu 1,000. Volti 216 kwa omu 1,000 ni ampia 0.216, yaani miliampia 216. Miliampia 10 zinatosha misuli kukaza ukashindwa kuachia. Zikizidi 50 zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ngozi kavu na ndala zinaongeza omu nyingi, ndiyo maana watu wa nyumba ile walikuwa wanapata mshtuko na kuruka tu. Lakini hapa tunaishi kando ya ziwa. Watu wanaosha samaki, wanamwaga barafu, wanafua uani, wanagusa friza na mikono inayotiririka maji. Ukavu wa kuwaokoa haupo muda wote.

Kwa hiyo kwenye nyumba za mawe simtegemei breka peke yake, nadai RCD ya miliampia 30, ile yenye kitufe kilichoandikwa T. Yenyewe haisubiri mkondo mkubwa. Inalinganisha mkondo unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, ikiona tofauti inakata. Kwa ethi ya omu 60, miliampia 30 ni volti 1.8 tu kwenye chuma, hakuna atakayezihisi. Hata ethi ikiwa mbovu zaidi bado kuna nafasi: volti 50 tunazozihesabu kuwa mpaka wa hatari, gawa kwa 0.03, ni omu 1,667.

Mzee alitazama bei ya RCD akaniuliza kama hatuwezi kuongeza tu fimbo za ethi. Tuliongeza pia. Tulitafuta udongo kati ya mawe, karibu na maji ya bafu yanapotoka, tukaweka fimbo mbili zaidi zikiwa zimeachana, tukaziunganisha zote kwa waya wa shaba. Ukinzani ulishuka, lakini haukukaribia omu 2.9, na kiangazi udongo ukikauka utapanda tena. RCD ilifungwa siku hiyo hiyo. Nilimwonyesha mjukuu wake mkubwa kitufe cha T, akakibonyeza, nyumba nzima ikazima, akaiwasha tena. Nikamwambia akibonyeze kila baada ya miezi michache, na siku isipokata aniite kabla ya kumwita mtu wa friji.